Wati 100 kwa Volti 13.8: Namba Ambayo Wahakiki wa Redio Hawaigusi

Ukisoma tathmini tatu za redio za ridhaa, umezisoma zote. Inaanza picha ya kioo cha rangi kinachoonyesha mawimbi yakitiririka kama maporomoko ya maji. Inafuata sifa ya upande wa kupokea: redio inasikia kituo dhaifu hata kikiwa kimebanwa na kituo chenye nguvu. Halafu vinakuja vifungo, menyu na bei. Mwisho zinatajwa wati: kampuni iliahidi 100, mezani zimetoka 100, safi kabisa, inunue.

Kwenye jedwali la vipimo, karibu na chini, kuna mstari mmoja ambao mhakiki huupita kimya. Mstari huo unasema redio hiyo inaporusha, takataka zake kwenye masafa ya majirani ziko desibeli ngapi chini ya nguvu yake. Hoja yangu katika makala hii ni mbili. Kwanza, mstari ule ndio ungepaswa kuongoza tathmini. Pili, sababu kubwa ya namba ile kuwa mbaya iko mahali ambapo wahakiki hawaangalii: kwenye volti zinazolisha amplifaya.

Kama hujawahi kushika redio ya aina hii, usiondoke. Redio ya ridhaa ni shughuli yenye leseni, ambapo watu wa kawaida huwasiliana mji kwa mji na bara kwa bara kwa mitambo yao wenyewe, bila mnara wa kampuni yoyote katikati. Ukipewa leseni Tanzania, alama yako ya wito inaanza na 5H; Kenya ni 5Z. Fizikia tunayoijadili hapa ni ileile iliyomo kwenye mnara wa simu na kwenye spika za sherehe mtaani kwenu.

Amplifaya na ukweli wa umbo

Amplifaya ya kurushia ina kazi moja: wimbi dogo liingie, wimbi kubwa litoke, umbo lisibadilike. Ukichora kinachoingia dhidi ya kinachotoka, unatakiwa upate mstari ulionyooka. Mstari ukipinda, umbo la wimbi linapotoka, na hapo ndipo takataka zinapozaliwa.

Chukua mfano wa sherehe. DJ anapandisha sauti mpaka spika zinaanza kukwaruza. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba wimbi linataka kupanda juu kuliko volti zilizomo ndani ya amplifaya. Volti zimeisha, kwa hiyo kilele cha wimbi kinakatwa kama mti uliopunguzwa kichwa. Habari njema ni kwamba kila mtu anasikia: DJ, bibi harusi, mpaka mpishi kule nyuma. Mtu atapiga kelele, na DJ atashusha.

Kwenye redio mambo ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha tahakiki hii. Ukipotosha wimbi la redio, anayezungumza nawe anaweza kukusikia vizuri tu, tena akakusifu kwa sauti nene. Takataka zinaangukia pembeni, kwenye masafa ya mtu mwingine ambaye hakujui, ambaye alikuwa anajaribu kusikia kituo dhaifu. Wewe mwenye mtambo huzisikii kamwe.

Jaribio la sauti mbili

Maabara hupima jambo hili kwa njia rahisi na nzuri. Badala ya mtu kuongea, wanaingiza sauti mbili safi, kwa mfano za hezi 700 na 1,900, zenye nguvu sawa. Amplifaya kamilifu ingetoa sauti hizo mbili tu. Amplifaya halisi inazichanganya na kuzaa nyingine: mara mbili ya moja ukitoa nyingine, mara tatu ya moja ukitoa mara mbili ya nyingine, na kuendelea. Hizo tunaziita mazao ya daraja la tatu, la tano, la saba.

Tuweke namba. Tuseme uko kwenye bendi ya mita 40, kwenye 7,150 kHz, ukitumia upande wa chini wa mawimbi, kama ilivyo desturi ya bendi hiyo. Sauti zako mbili zinatoka kwenye 7,149.3 na 7,148.1 kHz. Zao la daraja la tatu linaangukia 7,150.5 upande mmoja na 7,146.9 upande wa pili. La tano linaangukia 7,151.7 na 7,145.7. La saba, 7,152.9 na 7,144.5. Unaona mpangilio? Kila hatua ni 1.2 kHz, na kila hatua inazidi kuingia uwanjani kwa jirani. Jirani aliyeko 7,153 anatumia masafa kati ya takriban 7,150 na 7,153. Mazao yako matatu yamekaa sebuleni kwake.

Sasa pima ukubwa wake. Redio nyingi za wati 100 zinazotumia volti 13.8 hupimwa zikiwa na zao la daraja la tatu takriban desibeli 25 hadi 35 chini ya nguvu ya kilele. Tuchukue 30. Desibeli 30 ni mara 1,000, kwa hiyo kwa wati 100 takataka hiyo ni wati 0.1. Ukiunganisha amplifaya kubwa ya wati 1,500, na namba ikabaki ileile, takataka inakuwa wati 1.5. Kuna watu wanavuka bahari kwa wati 5 na antena ya waya. Yaani takataka yako peke yake inaweza kuwa kituo.

Tuseme jirani anakupokea kwa S9 na desibeli 20 juu yake, jambo la kawaida. Takataka yako inamfikia desibeli 10 chini ya S9, kati ya S7 na S8. Kituo anachotafuta kipo S5, yaani desibeli 24 chini ya S9. Takataka inakizidi kwa desibeli 14, takriban mara 25. Hapo kipokezi chake kiwe cha bei gani, hakisaidii kitu. Kelele haikuzaliwa kwake. Imekuja kwa antena kama wimbi halali.

Nikiri kwa niaba ya jaribio lenyewe: mazungumzo ya mtu siyo sauti mbili za kudumu. Maneno yana mapumziko, na nguvu ya wastani ni ndogo. Lakini mapumziko hayo hayafuti hoja. Vilele vya maneno ndivyo vinavyogonga dari, na kila kikigonga, jirani anapata mlipuko mfupi wa mikwaruzo.

Ujanja wa desibeli 6

Kabla hujalinganisha redio mbili, jua kwamba kuna mizani mbili sokoni. Jumuiya ya wanaredio wa Marekani, ARRL, katika tathmini za jarida lake la QST, hupima takataka dhidi ya nguvu ya kilele. Wengine hupima dhidi ya moja ya zile sauti mbili. Kwa kuwa kila sauti ina robo tu ya nguvu ya kilele (kwa kilele cha wati 100, kila sauti ina wati 25), mizani hizi zinatofautiana kwa desibeli 6 kamili.

Maana yake, redio iliyoandikwa "36" kwa mizani ya kwanza na iliyoandikwa "30" kwa mizani ya pili ziko sawasawa. Tangazo la biashara lisilosema limetumia mizani gani halijakwambia kitu. Ni kama kuuziwa mchele bila kuambiwa kama ni kwa kilo au kwa kopo.

Kwa nini volti 13.8 ndiyo mzizi

Volti 13.8 ilitoka kwenye gari. Betri ya gari inapochajiwa inakaa karibu na hapo, na redio iliyotengenezwa kwa ajili ya gari ikahamia mezani bila kubadilisha tumbo. Leo redio ya mezani ambayo haitapanda gari maisha yake yote bado inalishwa volti za gari. Chukua Icom IC-7300 iliyotoka 2016, moja ya redio zinazojulikana zaidi duniani katika kundi lake: volti 13.8, na ampia 21 inaporusha wati 100. Naitaja kwa sababu ni mfano wa wote. Wenzake wa bei hiyo wamefuata njia ileile.

Twende kwenye hesabu; siyo ngumu. Amplifaya hizi huwa na transista mbili zinazofanya kazi kwa zamu, moja inasukuma, nyingine inavuta. Kila moja inaweza kuteremsha volti kutoka 13.8 mpaka karibu na sifuri, lakini siyo sifuri kamili. Tuseme inabakiza volti 2. Kwa hiyo zinabaki volti 11.8 za kuchezea kila upande, na ukizipima kati ya transista mbili, kilele ni 23.6.

Antena ni omu 50. Transfoma ya kutokea yenye uwiano wa mizunguko 1 kwa 4 inazigeuza omu 50 kuwa 50 gawanya kwa 16, yaani 3.125. Nguvu ni kipeo cha pili cha volti za kilele, gawanya kwa mara mbili ya omu. Kipeo cha pili cha 23.6 ni karibu 557. Ukigawanya kwa 6.25 unapata wati 89.

Rudia kusoma hiyo namba. Wati 89, kabla ya kutoa hasara za transfoma na filta. Redio imeandikwa 100. Zile wati 11 na ushee zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye kukata vilele. Ukilisukuma wimbi ligonge dari, linaanza kufanana na mraba, na wimbi la mraba lina nguvu zaidi hata kwenye sehemu yake ya msingi. Filta za kutokea zinaondoa zile mara mbili na mara tatu za masafa, kwa hiyo mita ya wati inasoma 100 na mhakiki anafurahi. Lakini filta haiwezi kuondoa zao la daraja la tatu, kwa sababu lipo kilohezi moja au mbili tu kutoka kwako. Kwa filta iliyokatwa kwa bendi nzima, wewe na takataka yako ni kitu kimoja.

Fundi anaweza kuchagua transfoma ya uwiano mkubwa zaidi, 1 kwa 5, ili transista zione omu 2. Dari linapanda, lakini ampia zinapanda pia, na kwenye omu 2 kila sentimita ya njia ya shaba na kila solda inaanza kula sehemu yake. Unakimbia mvua unaingia kisimani.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: volti 50 badala ya 13.8. Tuseme transista inabakiza volti 4. Zinabaki 46 kila upande, 92 kati yake. Tumia transfoma nyepesi ya 1 kwa 2, omu 12.5. Kipeo cha pili cha 92 ni 8,464. Gawanya kwa 25, unapata karibu wati 339. Ukiitaka itoe 100 tu, inatembea chini ya theluthi moja ya uwezo wake na dari haioni hata kwa mbali.

Hii siyo ndoto ya kitabuni. Icom walifanya hivyo kwenye IC-7800 yao, wati 200 kwa volti 48. Transista za aina ya LDMOS zinazotumika kwenye amplifaya kubwa za leo zimetengenezwa kwa volti 50. Na zamani kabisa, Collins KWM-2 ya 1959 ilitumia vali mbili za 6146 zenye volti mamia kadhaa kwenye plati, pamoja na mrejesho hasi wa mawimbi: sehemu ya kinachotoka inarudishwa nyuma kusahihisha kinachoingia. Zaidi ya miaka 60 baadaye, redio nyingi mpya bado zinapata shida kuishinda kwa usafi. Tumepata kioo cha rangi, tukapoteza volti.

Pawa saplai siyo sanduku la pembeni

Wahakiki wengi wakiizungumzia pawa saplai, wanaizungumzia kama viatu: muhimu iwepo. Lakini kama dari la wimbi ni volti, basi pawa saplai, waya na fyuzi ni sehemu ya amplifaya.

Maabara hulisha redio volti 13.8 thabiti kwa waya mnene. Kwako je? Tuseme una waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 3 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 6, takriban omu 0.041. Zidisha kwa ampia 21: volti 0.87 zimepotea njiani, bila kuhesabu fyuzi na viungio vilivyoshika kutu. Kama chanzo ni betri ya risasi na asidi ya mfumo wa sola, jioni jua limezama, ikisoma 12.2, kwenye redio zinafika 11.3. Redio nyingi zimeandikwa 13.8 jumlisha au toa asilimia 15, kwa hiyo chini kabisa ni kama 11.7. Umeshatoka nje ya mpaka.

Rudi kwenye hesabu yetu. Toa volti 2, zinabaki 9.3, kilele ni 18.6, na nguvu safi ni wati 55. Wewe bado umeweka kitufe kwenye 100. Transista zinajitahidi, vilele vinakatwa vibaya zaidi, na mita ya wati inaweza kusoma 75 au 80 ukaona ni hasara ndogo tu. Umepoteza wati 20, jirani amepoteza mazungumzo yake. Kwa mwanaredio wa Afrika Mashariki anayetegemea sola, au gridi inayoyumba, jedwali la maabara linaeleza redio ambayo hanayo. Ni nadra sana kuona mhakiki akipima upotoshaji kwa volti 12. Hiyo ni kasoro ya tathmini, na inatuumiza sisi kuliko mtu wa Ulaya mwenye umeme uliotulia.

Kuna jambo la pili, lililojificha zaidi. Unapoongea, ampia hazikai sehemu moja; zinapanda na kushuka kwa kufuata umbo la sauti, mara mia kadhaa hadi maelfu kwa sekunde. Katika jaribio letu la 700 na 1,900, mzigo kwenye pawa saplai unapanda na kushuka mara 1,200 kwa sekunde. Kama waya ni mrefu na kapasita ni ndogo, volti nazo zitacheza kwa mwendo huohuo, na amplifaya itachapa mchezo huo juu ya wimbi lako. Voltimita ya kawaida haionyeshi lolote, inasoma wastani tu. Dawa yake siyo ghali: kapasita kubwa karibu kabisa na transista, waya mfupi na mnene.

Wenye amplifaya za vali nao wasicheke. Vali za pembetatu kama 3-500Z hutumia volti 2,500 hadi 3,000, na kuyumba kidogo kwa plati zinakuvumilia. Lakini kwenye vali za aina ya 4CX1000A kuna gridi ya pili, na hiyo haina utani. Volti zake zikiyumba, upotoshaji unapanda mara moja. Isitoshe, mkondo wa gridi hiyo unaweza kugeuka na kurudi kwenye pawa saplai, kwa hiyo saplai lazima iweze kutoa na kupokea. Miundo ya bei nafuu inayochukua volti hizo kwa rezista moja tu imeokoa hela kidogo na kuharibu amplifaya nzima. Na tahadhari kwa wanaojenga wenyewe: kapasita za mikrofaradi 25 kwa volti 3,000 zinabeba joule 112. Hiyo inaua hata ukiwa umechomoa plagi. Rezista za kumwaga chaji na fimbo ya kutulizia siyo mapambo.

Upande wa pili wa shilingi

Tusiwe waonevu. Volti 13.8 ina sifa zake. Mafuriko yakikata umeme na minara ya simu ikazimika, redio unayoweza kuiunganisha kwenye betri ya bodaboda au ya gari ina thamani kuliko redio safi inayohitaji volti 50. Amplifaya yenye dari la juu nayo ina gharama: ukiitumia chini ya uwezo wake inachemka zaidi kwa kila wati inayotoa, inataka hitisinki kubwa na feni. Hata ile ya volti 13.8 tayari inakula wati 290 ili itoe 100. Hizo 190 nyingine ni joto.

Pia volti siyo mkosaji pekee. Transista zikipewa bayasi ndogo mno, wimbi linapotoka pale katikati linapovuka kutoka transista moja hadi nyingine, hata kama dari liko mbali. Udhibiti wa nguvu wa kiotomatiki, ALC, mara nyingi huchelewa, na silabi ya kwanza ya neno inaruka juu kabla haijashikwa. Na zaidi ya vyote kuna mkono wa mtu: maiki imefunguliwa mpaka mwisho, kibanaji cha sauti kimekazwa, amplifaya kubwa inasukumwa mpaka sindano igonge ukuta. Mwendeshaji makini mwenye redio ya volti 13.8 kwa wati 50 atakuwa jirani mwema kuliko mzembe mwenye mtambo wa volti 50.

Kisha kuna hoja ya programu, ambayo kwa kweli inavutia. Redio za kisasa zinaweza kuchukua kipande kidogo cha kinachotoka, kukilinganisha na kilichokusudiwa, kisha kupinda wimbi kinyume kabla halijaingia kwenye amplifaya, ili mikunjo miwili ifutane. Minara ya simu inafanya hivi kila sekunde. Kwenye ridhaa, programu ya PureSignal katika familia ya openHPSDR imeonyesha kwamba takataka zinaweza kushuka kwa zaidi ya desibeli 20. Hiyo ni mara 100. Ile wati 1.5 ya amplifaya kubwa inakuwa miliwati 15.

Lakini angalia mpaka wake. Programu inaweza kunyoosha mstari uliopinda. Haiwezi kutengeneza volti ambazo hazipo. Kilele kikishakatwa, kukisahihisha kunahitaji kusukuma zaidi, na kusukuma zaidi kunagonga dari lilelile. Anayesema programu imemaliza tatizo la pawa saplai hajamaliza kusoma.

Kwa nini soko halijirekebishi

Upande wa kupokea umekuwa bora sana katika miongo miwili iliyopita, na sehemu ya sifa inamwendea Rob Sherwood wa Colorado. Jedwali lake la vipimo vya vipokezi linasomwa na wanunuzi wengi, na kampuni zimeshindana kupanda ndani yake. Sherwood mwenyewe amesema katika mihadhara yake kwamba vipokezi sasa vinatosha, na kizuizi kilichobaki ni mawimbi machafu ya wanaorusha. Ushauri huo haujafuatwa kwa kasi ileile, na sababu iko wazi. Kipokezi kibovu kinamuumiza aliyekinunua. Amplifaya chafu inamuumiza mwingine. Hakuna anayelipa zaidi ili jirani asiyemjua alale vizuri, mpaka mtu wa tatu aipe aibu namba.

Sheria nazo hazisukumi. Kanuni ya 97.307 ya Marekani inataka mawimbi yasichukue upana kuliko unaohitajika, kwa mujibu wa mwenendo mzuri wa ridhaa, lakini haitaji desibeli ngapi kwa zao la daraja la tatu. Imebaki hiari. Na mahali palipobaki hiari, mhakiki ndiye polisi pekee tuliye naye.

Kwa hiyo madai yangu kwao ni matatu. Wapime upotoshaji kwa volti 13.8, kisha kwa 12, na wachapishe vyote. Wataje mizani waliyotumia kila mara. Na waandike wati safi: redio hii inatoa wati ngapi kabla zao la daraja la tatu halijapanda juu ya desibeli 35 chini ya kilele? Kama jibu ni 60, basi ni redio ya wati 60, hata kama kwenye boksi pameandikwa 100.

Nawe msomaji mwenye redio, usisubiri. Badilisha ule waya wa 2.5 uweke wa 6. Upotevu unashuka kutoka volti 0.87 hadi 0.36. Kama unaweza, tumia betri ya LiFePO4 ya seli 4, ambayo hukaa karibu na volti 13 kwa sehemu kubwa ya chaji yake. Shusha nguvu kutoka 100 hadi 50: anayekusikia atapoteza desibeli 3, nusu ya alama moja kwenye mita ya S, na hataona. Kitabuni, mazao ya daraja la tatu yanajitenga na sauti yako kwa desibeli 6 zaidi. Kwa transista halisi inategemea bayasi, lakini karibu na dari faida ipo. Kisha mwombe rafiki aliye mbali kiasi akusikilize kilohezi 3 juu na chini yako wakati unaongea, akwambie ukweli. Bendi ya mita 40 kwa ukanda wetu ni kHz 200 tu, kutoka 7,000 hadi 7,200, na tunaigawana na Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati. Hakuna nafasi ya mtu mmoja kukalia viti vitatu.